Aliyetolewa Ng'ombe Ili Asome

Zimeni kwanza hizo mashine zenu. Cherehani ya umeme ikianza kunguruma mtu hawezi kusimulia jambo la maana, na sauti yangu siku hizi ndiyo hii mnayoisikia. Haya. Mmekuwa mkiniuliza, hasa wewe binti unayekata kitambaa kabla ya kupima, maana nimekuona, imekuwaje mwanamke wa Kikurya, Mkristo, mzaliwa wa Nyangoto, nikayajua maandiko ya kale ya Wahindu kuliko ninavyojua bei ya sukari. Nitawaambia. Wengine hupelekwa kwa Mungu na ugonjwa, wengine na msiba. Mimi nilipelekwa na wivu, na sioni haya kulisema.

Nilikuwa fundi kwenye baraza ya duka la Ba, hapa hapa Tarime, miaka ile ya ujamaa. Ba alikuwa Mhindi, na kwa lugha yao Ba ni mama. Wazee wakija kutoka vijijini walicheka sana, wanasema huyu mama wa Kihindi ameiba nusu ya baba. Mumewe alikuwa amefariki, mtoto wa kiume hakujaliwa, na binti yake mmoja alikuwa ameolewa Kisumu. Duka aliliendesha mwenyewe, amekaa nyuma ya kaunta na shali yake nyeupe, na hakuna aliyeweza kumpunja hata sentimita moja ya kitambaa cha marekani.

Mafundi tulikuwa wawili. Mimi na Gati.

Gati alitoka upande wa Busawe. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, shingo ndefu, maneno machache, hajaolewa, analala chumba cha nyuma ya duka. Mimi nilikuwa na mume na watoto, nakuja asubuhi na kurudi jioni kupika. Namshukuru Mungu mume wangu hakuniletea mke mwenza nyumbani. Wangu nilimkuta kazini. Msicheke, mtu asiyewahi kugombea upendeleo wa mtu mmoja na mwanamke mwingine kutwa nzima, mita moja kutoka alipo, hajui ninachosema.

Kwa kazi yenyewe nilimshinda, na hilo hata yeye atawaambia. Siku zile kitambaa kilikuwa cha foleni. Watu wamehamishiwa vijijini, shule zinafunguliwa, kila mtoto anataka kaptula ya kaki na kaki yenyewe haipo. Ikija jora moja inagombaniwa. Mimi ndiye niliyejua kutoa kaptula mbili mahali pa moja na nusu. Kaki haina juu wala chini, sikilizeni hapo, kwa hiyo unalaza mguu mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, na kile kipembe kinachobaki kati ndicho mfuko. Gati alikuwa anakata kwa kufuata mstari kama aliyepangiwa na serikali. Ba aliona hayo yote. Alikuwa ananisifu mbele ya wateja. Basi nikajua nafasi yangu kwake ni ya kwanza, nikatulia.

Sasa, kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa, Ba alikuwa ameshaoga, amewasha taa ndogo ya samli katika chumba cha nyuma, ameketi kwenye mkeka na kitabu chake mapajani. Si kimoja, vilikuwa kadhaa, vya karatasi iliyogeuka rangi, na herufi zake zimening'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Alikuwa amevisoma na mumewe tangu walipooana. Mmoja anasoma, mwingine anauliza. Alisema maandiko yale hayasomwi na mtu peke yake, kwa sababu mtu akiwa peke yake anakubaliana na kila anachosema. Mumewe alipokufa akajaribu kusoma peke yake, na tulimwona anavyonyauka. Anatoka chumbani macho makavu, anafungua duka, hasalimii mtu.

Ndipo asubuhi moja akatoka akasimama barazani akitutazama. Nilijua mara moja anatafuta nini. Niliweka mkasi chini, nikafuta mikono, nikafunga kanga yangu vizuri. Ba akanipita.

Akasema, "Gati, wewe kuja."

Jamani. Roho iliniuma hadi nikasikia uchungu mdomoni, kweli kabisa. Nikaukanyaga ule mguu wa cherehani siku hiyo mpaka mkanda ukakatika.

Basi kuanzia hapo kila asubuhi Gati anaingia nyuma ya pazia, mimi nabaki barazani. Cherehani yangu ilikuwa karibu na mlango. Nikagundua kuwa nikipiga mguu polepole, nasikia. Nikipiga haraka, sisikii. Mkitaka kujua elimu yangu niliipataje, niliipata kwa kushona polepole.

Nilisikia Gati akifundishwa herufi, anazirudia, anakosea, anachekwa kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza. Halafu Ba anasoma kwa ile lugha ya zamani, ambayo hata Wahindi wenyewe hawaisemi tena njiani, halafu anaeleza kwa Kiswahili chake. Alieleza kwamba ndani ya mtu kuna mwingine. Huyu wa nje anakula, anashiba, anakasirika, anazeeka. Yule wa ndani anatazama tu. Hana njaa, hana umri, hakasiriki. Na kazi yote ya kusoma, alisema, ni kumfahamu huyo anayetazama mpaka usimsahau hata ukiwa sokoni.

Nilivyolisikia hilo nilisahau nilipo. Mikononi nilikuwa na suruali ya balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye makelele, na aliitaka kwa ajili ya mkutano. Nikaendelea kushona huku namtafuta huyo mtu wa ndani. Balozi akaja akaichukua, akaivaa, akaenda akasimama mbele ya watu kuhutubia habari ya shamba la pamoja. Akataka kuingiza mikono mifukoni kama kawaida yake. Mifuko haikuingilika. Nilikuwa nimeishona midomo yote miwili, mshono wa nguvu, wa kurudia. Wanasema alihutubia siku hiyo yote mikono inamning'inia hajui aipeleke wapi, na ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Ba alinikata mshahara wa suruali ile lakini nilimwona anajifunika shali mdomoni.

Jambo lililonitia wivu mbaya zaidi ni la neno moja. Ba alianza masomo kila siku kwa kuvuta sauti: Om. Anaivuta mpaka inaishia mbali. Nyinyi mnaojua Kikurya mnanielewa tayari. Kwetu neno likianza hivyo masikio yanasubiri lililobaki, kwa sababu ndivyo tunavyoanza kumtaja binadamu yeyote. Omogaka, mzee. Omokari, mwanamke. Kwa hiyo mimi barazani kila siku nilikuwa nabaki na sikio wazi. Omo-nani? Mama huyu anamwita nani, mbona hamalizii jina lake? Ikawa inaniwasha. Siku moja tukiwa tunakula nikamwambia Gati, mimi nafikiri Ba anataka kusema omonto, mtu, ila amesahau mwisho. Tukacheka wote wawili. Yalikuwa maneno ya utani tu ya watu wanaokula ugali.

Kesho yake nasikia nyuma ya pazia Ba anavuta, "Om," na Gati, yule yule wa maneno machache, anamalizia, "onto."

Ba akauliza hilo ni nini. Gati akamweleza kwamba kwa Kikurya ni mtu. Halafu nikasikia anacheka na analia kwa pamoja, anasema amesoma neno hilo tangu utotoni, walimu wake wote walimwambia ndani yake mna ulimwengu mzima, lakini hakuna aliyemwonyesha kwamba na mtu yumo. Duka lilichelewa kufunguliwa. Alipotoka alimwambia kila mteja aliyeingia, hata waliokuja kununua vifungo, jinsi Gati alivyofunuliwa.

Gati! Neno lilikuwa langu. Ningesema ningeonekana mtoto, nisiposema ninapasuka. Sikusema. Lakini mchana nilijaribu lile fundisho la mtu anayetazama. Nikasimamisha mguu, nikautazama wivu wangu. Nikauona umekaa, mnene, unapumua vizuri, hauna habari na mimi. Nikawaza, haya, kama mimi ndiye ninayeutazama, basi mimi si wivu. Huo ndio ukuaji wa kwanza wa kiroho nilioupata maishani, na ulidumu mpaka Gati aliporudi kukaa kwenye kiti chake.

Sasa watu walianza kusema. Mnajua kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume, akiwa na mali, anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili huyo azae na mwanamume watoto wa kubeba jina la nyumba ya aliyemwoa. Nyumba ntobhu. Nalisema kwa ajili ya nyinyi mliokuja kutoka Mwanza. Basi mama mjane, hana mtoto wa kiume, ana duka, amemchukua msichana analala kwake na kila asubuhi wanajifungia. Watu wa mjini wangefikiri nini kingine? Habari ikafika Busawe kwamba yule mama wa Kihindi ameoa binti ya Mzee Mwita na hajatoa hata mkia wa ng'ombe.

Mzee Mwita, baba yake Gati, akaja na wazee wenzake wawili, fimbo mkononi, wakaketi barazani. Tukawapa shikamoo, Ba akawaletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Mzee akaanza kwa adabu, akazungumzia mvua, kisha akasema amekuja kuhusu ng'ombe.

Ba uso wake ukafunguka. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya duka, alimpenda kama ndugu. Akasema, "Ng'ombe? Ng'ombe ni mama."

Wazee wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa. Wakaelewa kwamba amekubali kutoa, na anaanzia kwa ng'ombe wa mama mzaa binti, kama desturi inavyotaka. Mzee Mwita akasema huyo wa mama sawa, tumeshukuru, sasa tuje kwa wale wa baba. Ba akajibu kwa furaha kwamba wa baba pia ni mama, ng'ombe wote ni mama. Mzee mmoja akaniinamia akaninong'oneza kama kwa Wahindi ng'ombe wote huwa wanaenda kwa mwanamke.

Nikaona hapa kutakucha bila kuelewana. Nikamwambia Ba yote: kwamba wanadhani amemwoa Gati, maana ya kuoa huko ni nini, na wanataka nini. Gati alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Hapo ndipo Mzee Mwita alipotoa la pili. Kama mama hajaoa, akasema, hakuna ubaya wala ugomvi, leo hii anarudi na binti yake, maana kuna mwanamume wa Morotonga, mtu mzima mwenye wake na mifugo, na mazungumzo yameshafika mbali. Gati akalikamata pazia kwa mikono miwili.

Ba akauliza, "Mke ya namna hii, mtu mwingine naweza chukua yeye?"

Mzee akamjibu, "Hawezi, mama. Akishatolewa ng'ombe ni wa nyumba yako. Watoto wake ni wa jina lako."

"Jina yangu si kitu," Ba akasema. "Lakini mimi nakufa, kitabu nani atasoma?" Akamgeukia Gati, akamuuliza kama anataka kubaki asome. Gati akaitikia kwa kichwa. Ba akasema, "Basi mimi natoa."

Akatuma mtu mnadani. Wakaletwa ng'ombe. Na Mzee Mwita, ambaye macho yake hayakuwa yamelala, akasema na yule wa maziwa awemo. Ba akamfungua mwenyewe. Kabla ya kumkabidhi kamba alimwapisha yule mzee kwamba hatamchinja. Mkurya mzima, mbele ya wenzake, anaapishwa asichinje ng'ombe wake! Aliapa. Nimesikia alimtunza yule ng'ombe mpaka akafa kwa uzee, na kijiji kizima kilimcheka mzee.

Wote walifurahi siku ile. Mimi nilienda nyumbani nikapika, nikawalisha watu wangu, nikakaa kwenye kigoda na sikutaka kusemeshwa. Na mimi nilitolewa ng'ombe. Wazuri, baba yangu alijisifu. Nilitolewa ng'ombe ili nizae na nipalilie. Gati alitolewa ng'ombe ili asome. Vijana, nimeonea watu wivu kwa mengi, nyumba, mabati, watoto waliofaulu, lakini hakuna kilichowahi kunichoma hivyo. Hata sasa ninapolitamka naona joto.

Asubuhi nikamfuata Ba. Nikamuuliza waziwazi, kwa nini si mimi, mimi ninayekata vizuri, ninayeelewa haraka. Akasema, "Bhoke, wewe taka kuwa wa kwanza. Gati taka kujua." Halafu akanishika shavu. Ningependa angenipiga.

Muda ulivyokwenda nguo zote zikawa zinapitia maduka ya vijiji, Ba akabaki na rafu tupu na vifungo. Binti yake akaja kumchukua kwenda Kisumu. Aliondoka akimwachia Gati nyumba, vitabu, na cherehani zote mbili, yangu ikiwemo. Nikawa namfanyia kazi mke wa Ba. Fikirieni. Gati alikuja kuzaa, na watoto wake mpaka leo wanaitwa wa nyumba ya Ba, hakuna anayeshangaa.

Baada ya Ba kuondoka, Gati alikuja kwenye cherehani yangu asubuhi moja, hajui aweke wapi mikono. Akasema hawezi kusoma peke yake, anahitaji wa kuuliza. Nikamwambia atafute mwingine. Yeye akakaa chini pale barazani kwenye vumbi akaanza kulia, na Gati si mtu wa kulia.

"Mimi ndiye niliyekuonea wivu," akasema. "Miaka yote. Cherehani yako ikisimama Ba ananinyamazisha. Ananiambia, Bhoke amesikia neno, wewe umelipita tu, rudi nyuma. Nilikuwa nasoma huku nasikiliza miguu yako. Nilitamani siku moja ushone bila kusimama."

Nilikuwa nimebeba wivu wangu kama mali yangu peke yangu, kumbe na mwenzangu ana wake, umelishwa na mimi. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi sana. Kisha nikaenda nikaketi kwenye mkeka.

Tangu hapo, Gati akisoma, mimi nauliza. Tumezika waume, mimi wangu na yeye yule aliyemzalisha, tumezeeka, na kila asubuhi ila Jumapili, ambapo nipo kanisani na mwinjilisti ameshachoka kuniuliza habari ya vitabu vile, nimekaa naye. Nauliza vibaya makusudi ili asijibu upesi. Yeye ananieleza maana, lakini herufi hajawahi kunifundisha. Na mimi sijawahi kumwomba. Kila mmoja na kiburi chake. Zile herufi zimening'inia mbele ya macho yangu maisha yote na sijui hata moja, na kila anapopitisha kidole juu yazo nakifuata kwa macho.

Mwaka huu nikaona kitu. Anasoma, sauti ileile, lakini kidole hakisogei. Anasoma mambo ya kurasa tatu, na hajafunua hata mmoja. Nikaweka mkono mbele ya uso wake, taratibu. Hakupepesa. Na mnajua kilichonijia kwanza? Wivu. Kwamba kumbe ameyaweka yote kichwani, mwanamke huyu, na hajaniambia. Kwamba macho yake yanakwisha, hilo likaja baadaye.

Juzi akafunga kitabu. Akasema, "Bhoke, sogea hapa nilipokaa mimi. Bado naona kidogo pembeni. Nikufundishe herufi, halafu wewe usome, mimi niulize."

Nafasi ile. Mnajua sasa niliitaka tangu lini. Niliitazama, ule mkeka ulivyobonyea pale anapokaa, na yeye ameshaanza kujisogeza, anapapasa ukingo kwa mkono ili anipishe. Nikamwambia, mimi mzee, macho yangu hayafai tena kujifunzia, herufi zile zingeniumiza. Nilimdanganya. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na yeye anajua, maana kila siku mimi ndiye ninayemtungia.

"Rudi mahali pako," nikamwambia. "Soma."

Kisha akarudi, akafungua kitabu popote, akasoma. Nami sikuuliza swali lolote asubuhi ile, nisije nikamkatisha.